Biskuti za oti za nyumbani, kwa oveni au kwa makaa

Mapishi mengi ya biskuti za oti yameandikwa na watu wanaoishi kwenye nchi za baridi. Wanakuambia uiache siagi mezani mpaka ifikie joto la chumba, na chumba wanachokifikiria wao kina nyuzi 18 au 20. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, jikoni kuna nyuzi 30 na zaidi. Siagi ukiiacha mezani inakuwa mafuta kabla hujamaliza kupima unga, na biskuti zinazotoka hapo zinatandaa kwenye trei mpaka zinashikana zote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jiko la huku kwetu: siagi tunaiyeyusha kwa makusudi tangu mwanzo, sukari ni ile ya dukani, na asiye na oveni ataoka kwa makaa.

Mambo mawili yakikaa sawa, mengine yatasamehewa. La kwanza, oti zipewe muda wa kunywa unyevu kabla ya kwenda motoni. La pili, biskuti zitolewe zingali laini katikati. Wengi wanaopata biskuti ngumu zinazokwaruza koo wamekosa moja kati ya hayo mawili, na mara nyingi wameyakosa yote.

Unachohitaji

Vipimo hivi vinatoa biskuti kama 20 za ukubwa wa kawaida. Kikombe ninachokitaja ni cha kupimia, cha mililita 250. Ukiwa na mizani ya jikoni, itumie, kwa sababu kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliomiminwa vinaweza kutofautiana sana, na biskuti hazifichi tofauti hiyo.

- Oti gramu 150 (kikombe kimoja na theluthi mbili)
- Unga wa ngano gramu 110 (kikombe kimoja, pungufu kidogo)
- Siagi gramu 125 (nusu ya pakiti ya gramu 250)
- Sukari gramu 120 (nusu kikombe na kijiko kimoja cha chakula)
- Asali au sukari guru iliyoparuzwa, kijiko kimoja cha chakula
- Yai moja
- Soda ya kuokea, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, nusu kijiko cha chai. Kama siagi yako ina chumvi tayari, weka kidogo tu ya kubana kwa vidole
- Mdalasini wa unga, kijiko kimoja cha chai
- Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- Vanila, kijiko kimoja cha chai, kama unayo
- Zabibu kavu gramu 80 (nusu kikombe)

Sasa maelezo kidogo, maana vitu vinne kati ya hivyo ndivyo vinavyowachanganya watu dukani.

Oti zenyewe zinakuja kwa namna kadhaa. Zile kubwa bapa zimepikwa kwa mvuke kisha zikapitishwa kwenye magurudumu ya chuma yakazilaza. Zile za kupika haraka ni hizohizo, ila zimekatwa vipande vidogo na kulazwa zaidi. Zote mbili zinafaa. Kubwa zinatoa biskuti yenye kutafunika, ndogo zinatoa biskuti laini inayoshikana vizuri. Mimi napendelea kuchanganya: theluthi moja ya zile kubwa naisaga kidogo kwa blenda, mizunguko miwilimitatu tu, nyingine naziacha nzima. Zile zinazouzwa kwenye vipakiti vidogo zikiwa na sukari na ladha tayari, za kumwagia maji ya moto, usizitumie hapa. Zinageuka uji ndani ya biskuti.

Sukari. Mapishi ya nje yakisema sukari ya kahawia yanamaanisha sukari laini yenye unyevu, iliyobaki na molasi yake. Sukari yetu ya kawaida yenye rangi ya kahawia hafifu ni kitu kingine: punje zake ni kubwa, ni kavu, na haziyeyuki upesi kwenye siagi. Ukiitupia hivihivi unapata biskuti yenye chengachenga za sukari na kingo zilizoungua. Dawa yake ni kuitwanga kidogo kwenye kinu, au kuisaga kwa blenda mpaka ikaribie kuwa kama chumvi ya mezani, kisha kuiongezea kile kijiko cha asali au sukari guru. Hicho kijiko kimoja kina kazi kubwa. Asali na molasi hushika unyevu, ndiyo sababu biskuti yenye asali inabaki laini siku ya tatu wakati isiyo nayo imeshakauka. Pia vina uchachu kidogo, na soda inahitaji uchachu ili ifanye kazi.

Hapo ndipo inakuja soda yenyewe. Soda ya kuokea siyo magadi ya kulainishia maharage, hata kama vyote viwili vinapatikana kwenye duka moja. Magadi yanaweza kukuachia ladha ya sabuni kwenye biskuti nzima. Kama huna soda bali una beking pauda, weka kijiko kimoja na nusu cha chai. Biskuti zitatoka na rangi ya mwangaza zaidi na zitainuka kuliko kutandaa. Hamira haina kazi hapa.

Mwisho, siagi au majarini. Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi kidogo, kilichobaki karibu chote ni maji. Majarini za kupaka mkate nyingi zina mafuta pungufu na maji mengi zaidi, kwa hiyo geuza kopo usome: ikiwa mafuta ni chini ya asilimia 70, ongeza kijiko kimoja na nusu cha unga, na utarajie biskuti laini kama keki. Samli yetu ni karibu mafuta matupu, hivyo usiweke gramu 125. Weka gramu 100 na vijiko viwili vya chakula vya maziwa. Biskuti ya samli na iliki ina harufu ambayo mtu wa Zanzibar au Lamu ataitambua akiwa barazani. Kama samli nzuri ipo nyumbani, mimi naitanguliza kuliko siagi.

Kukaanga oti

Hatua hii haimo kwenye mapishi mengi, nami nakusihi usiiruke. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, mimina oti zote, na ukoroge kwa mwiko bila kuondoka. Dakika mbili za mwanzo hutaona kitu. Kisha mvuke mwembamba utaanza kupanda, harufu ya nafaka mbichi itaondoka, na baada ya dakika tano au sita utapata harufu inayokaribia karanga zinapoanza kuiva. Zile punje ndogondogo zitakuwa zimebadilika rangi pembeni. Zile kubwa bado zitaonekana nyeupe nyeupe. Simama hapo hapo. Zimimine kwenye sinia zipoe, kwa sababu ukiziacha kwenye kikaango zitaendelea kuungua hata moto ukiwa umezimwa.

Oti zisizokaangwa zina ladha ya uji. Zilizokaangwa zina ladha yake zenyewe, na utaweza kupunguza sukari kidogo bila mtu kugundua.

Wakati zinapoa, loweka zabibu kavu kwenye chai ya rangi ya moto kwa dakika kumi, kisha zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi. Zabibu kavu zikiingia zilivyo, zinanyonya unyevu wa mchanganyiko na zile zilizo juu zinaungua zinakuwa chungu. Tende zilizokatwa vipande hazihitaji kulowekwa, maana zina unyevu wa kutosha.

Kuchanganya

1. Yeyusha siagi kwenye sufuria ndogo kwa moto mdogo. Isichemke kwa muda mrefu. Ikishayeyuka yote, ipua.

2. Mimina sukari iliyosagwa pamoja na asali ndani ya siagi ikiwa bado ya moto. Koroga kwa dakika moja hivi. Haitayeyuka yote, lakini joto la siagi litaianzishia kazi. Subiri ipoe mpaka uweze kuingiza kidole na kuona uvuguvugu tu. Ukivunjia yai kwenye siagi ya moto, litaiva na utakuwa na mayai ya kuvuruga.

3. Weka yai na vanila. Piga kwa mchapo au uma, kwa nguvu, kama dakika moja na nusu, mpaka mchanganyiko uwe mzito, ung'ae, na mafuta yasionekane yakielea pembeni. Kama bado yanaelea, endelea kupiga. Hapa ndipo siagi na yai vinaposhikana, na visiposhikana hapa, biskuti zitatoa mafuta kwenye trei.

4. Kwenye bakuli lingine chekecha unga, soda, chumvi, mdalasini na iliki. Soda ina tabia ya kujikusanya kwenye mabonge, na bonge moja likibaki, kuna mtu atakayetafuna uchungu. Mimina mchanganyiko huu kwenye siagi, ukoroge kwa mwiko mpaka usione tena unga mkavu. Usiendelee zaidi ya hapo, kwa sababu unga wa ngano ukisukwasukwa unakaza na biskuti inakuwa ngumu.

5. Ongeza oti na zabibu. Geuza kutoka chini kwenda juu mpaka zisambae.

Utakachokiona sasa ni mchanganyiko unaong'aa, mlaini kupita kiasi, unaoteleza kwenye mwiko. Wengi wanaogopa hapa na kuongeza unga. Usiongeze chochote. Funika bakuli, liweke kwenye friji kwa dakika 45 mpaka saa moja.

Kinachotokea ndani ya muda huo ndicho kinachotofautisha biskuti hizi na nyingine. Oti zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, zinaitwa beta-glukani. Hizo ndizo zinazoufanya uji wa oti uwe na utelezi. Zinapopata muda, zinanyonya maji ya yai na ya siagi na kuvimba. Sukari nayo inaendelea kuyeyuka, na siagi inaganda tena. Ukirudi baada ya saa moja, mwiko utasimama. Huo mchanganyiko hautatandaa ovyo, na oti zake zitakuwa laini ndani ya biskuti iliyoiva kwa dakika chache tu.

Asiye na friji aweke bakuli ndani ya beseni la maji baridi, abadilishe maji mara moja katikati, na aache saa nzima. Siagi haitaganda kabisa, lakini oti zitakuwa zimekunywa, na hilo ndilo muhimu zaidi. Huyo anaweza kuongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga baada ya kupumzisha, ikiwa anaona bado mlaini.

Watoto wanaozunguka jiko watataka kulamba mwiko. Wape zabibu. Yai bichi linajulikana kwa hatari yake, ila unga mbichi wa ngano nao unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na watu wengi hawalijui hilo.

Kuunda madonge

Chota kijiko cha chakula kilichojaa, viringisha kwa viganja vilivyolowa maji kidogo, upate donge la ukubwa wa ndimu ndogo; kwenye mizani ni gramu 30 hivi. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, ukiacha sentimita tano kati ya donge na donge. Bila karatasi, paka trei mafuta kidogo na unyunyize unga.

Kisha bonyeza kila donge kwa kitako cha glasi kilicholoweshwa, mpaka libaki na unene wa sentimita moja na nusu. Mchanganyiko wenye oti nyingi uliopoa hauporomoki wenyewe kama wa biskuti za kawaida; ukiuacha mviringo, utatoa biskuti mbichi katikati na kavu chini.

Kabla ya kujaza trei nzima, oka biskuti moja peke yake. Hiyo moja itakuambia ukweli wa unga wako, siagi yako na oveni yako, mambo ambayo hakuna mwongozo unaoweza kuyajua. Ikitandaa ikawa nyembamba kama chapati ya maji, ongeza kijiko cha unga kwenye mchanganyiko uliobaki au urudishe kwenye friji. Ikibaki kama kokoto, bonyeza zilizobaki zaidi, au ongeza kijiko kimoja cha maziwa. Ikipasukapasuka kingo, mchanganyiko ni mkavu: maziwa tena.

Kwa oveni

Washa oveni nyuzi 175 na uiache dakika 15 kabla ya kuingiza kitu. Weka trei katikati. Dakika 11 mpaka 13 zinatosha, lakini anza kuangalia dakika ya tisa.

Alama za kuiva ni hizi. Kingo zimepata rangi ya kahawia ya dhahabu, upana wa kidole kidogo. Juu pamekauka, hapang'ai tena kwa ubichi. Katikati, ukigusa, bado panabonyea na unahisi kama haijaiva. Itoe. Najua mkono unasita, na ndiyo maana nasisitiza: joto lililomo ndani ya trei na ndani ya biskuti linaendelea kuipika kwa dakika kadhaa nje ya oveni. Ukisubiri katikati pakauke ndani ya oveni, pakipoa patakuwa pagumu.

Ziache kwenye trei dakika tano mpaka nane bila kuzigusa. Ukiziinua mapema zitakatika. Baada ya hapo zihamishie kwenye wavu, au hata kwenye ungo, ili hewa ipite chini. Zikipoa juu ya sahani bapa, mvuke wake unazilowesha kitako.

Zile oveni ndogo za umeme za juu ya meza zina koili karibu sana na chakula. Punguza mpaka nyuzi 165, weka trei mbili zikiwa zimepandana ili ya chini ikinge moto, na ugeuze trei katikati ya muda. Kati ya trei moja na nyingine usizime umeme. Oka zote mfululizo, maana kupasha oveni upya ndiko kunakokula uniti.

Kwa makaa

Hii ndiyo njia iliyowalea wapishi wengi wa keki na mikate ya kumimina, na kwa biskuti inafanya kazi vizuri sana, mradi uelewe kwamba moto wa juu ndio unaooka na moto wa chini unasaidia tu.

Tafuta sufuria kubwa na nzito, isiyo na rangi ya kuzuia kushika wala vishikio vya plastiki. Mimina ndani mchanga safi, uliooshwa na kukaushwa, unene wa sentimita mbili au tatu. Juu ya mchanga weka kitu cha kuinulia trei: mafiga matatu madogo ya mawe au kopo fupi la chuma. Trei iwe sahani ya bati au sinia dogo linaloacha nafasi ya kidole kuzunguka pande zote, ili hewa ya moto ipande. Mfuniko uwe bapa na wenye ukingo, uweze kushika makaa.

Washa makaa nje, au kwenye jiko lililo wazi kabisa, na usubiri yashike yote, yawe mekundu yenye majivu meupe juu. Usiokee makaa ndani ya chumba kilichofungwa hata mara moja. Moshi unaweza usiuone, lakini makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua.

Gawa makaa sehemu tatu. Sehemu moja ibaki chini ya sufuria, imetandazwa, isirundikwe katikati. Sehemu mbili zipalie juu ya mfuniko, zaidi pembeni kuliko katikati. Acha sufuria tupu ipate moto dakika 15.

Kuujua moto bila kipimajoto, nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye kipande cha bati, kiweke ndani, ufunike, uhesabu dakika tano. Ukikuta unga una rangi ya dhahabu, moto uko sawa. Ukikuta umepauka tu, palia makaa zaidi juu. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, punguza chini kwanza, sio juu.

Ingiza madonge matano au sita. Funika, na usifunue mpaka dakika ya kumi. Mfuniko uinue ukiwa umelala sawasawa, kwa koleo na kitambaa kinene, uupeleke pembeni kabisa. Ukiuinamisha majivu yanaingia ndani na hiyo trei imekwisha. Kwa kawaida dakika 12 mpaka 15 zinatosha. Kama chini kumeiva na juu bado kweupe, ondoa makaa yote ya chini na uache ya juu yamalizie. Joto la mchanga litatosha. Kabla ya kila mkupuo ongeza vipande viwili vitatu vya makaa mapya yaliyokwisha kushika juu ya mfuniko, kwa sababu moto wa juu ndio unaofifia haraka.

Kwa jiko la gesi mpangilio wa sufuria na mchanga ni huohuo, moto mdogo, ila juu hakuna moto. Biskuti zitaiva zikiwa nyeupe juu. Dakika ya 14 zigeuze kwa kisu kipana, uzipe dakika mbili za upande wa pili.

Nyanda za juu na pwani

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbeya nako si mbali na hapo. Mahali pa namna hiyo hewa ni nyepesi, kwa hiyo soda inainua kwa nguvu zaidi na unyevu unatoka upesi: biskuti inavimba, inaporomoka, inakauka. Punguza soda kwa robo, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maziwa, na utoe dakika moja mapema.

Pwani tatizo liko upande mwingine. Hewa ina unyevu mwingi, na biskuti iliyotoka ikiwa na kingo za kukatika asubuhi, jioni imelegea kama haikuwekwa mahali pa kubana. Subiri zipoe kabisa, hata saa nzima, kisha zifungie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Zikifungiwa zikiwa na uvuguvugu, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko na ukungu unaanza siku ya tatu. Zilizohifadhiwa vizuri zinakaa siku tano kwa raha. Zilizolegea zirudishe kwenye oveni au sufuria ya moto dakika tatu, zipoe, zitakatika tena. Kopo liweke ndani ya sahani yenye maji kidogo kama nyumba ina sisimizi.

Kubadilisha

Anayekwepa mayai anaweza kuponda ndizi mbivu, gramu 60 hivi, badala ya yai. Biskuti zitakuwa laini zaidi na hazitakaa zaidi ya siku mbili. Njia nyingine ni ya biskuti za Anzac za Australia na New Zealand, ambazo hazina yai kabisa: sirapu nzito ya sukari wanayoiita golden syrup, au kwetu asali, vijiko viwili vya chakula inayeyushwa pamoja na siagi, soda inakorogwa kwenye vijiko viwili vya maji yanayochemka, inamiminwa humo na kutoa povu, kisha unaingia unga, oti na nazi iliyokaushwa. Kwa sababu hazina yai, zinakaa muda mrefu.

Nazi ya kwetu ninaitumia hivi: nakuna nusu kifuu, nakamua tui kwa matumizi mengine, na lile chicha nalikaanga kavu pamoja na oti mpaka libadilike rangi. Weka kama theluthi ya kikombe na upunguze oti kwa kiasi hichohicho. Korosho zilizokaangwa na kupondwa zinakwenda vizuri na tende. Karanga nazo nzuri, ila biskuti zinazokwenda shuleni ziulizie kwanza, kwa kuwa mtoto mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika hata kwa kipande kidogo alichogawiwa na mwenzake. Mwenye matatizo ya gluteni, ile protini ya ngano, biskuti hizi hazimfai kwa kuwa zina unga wa ngano; oti zenyewe hazina gluteni lakini nyingi zinasindikwa pamoja na ngano, kwa hiyo asitegemee hata oti za kawaida za dukani.

Kuhusu sukari, kwa kiasi hiki kila biskuti inabeba gramu sita hivi, kijiko cha chai kimoja na nusu, ukiacha asali na zabibu. Unaweza kushuka mpaka gramu 90 bila kuharibu kitu. Chini ya hapo biskuti haitandai tena, inakuwa kavu na haipati rangi, kwa sababu sukari ndiyo inayoipa unyevu na kahawia yake. Oti zinashibisha na zina nyuzinyuzi, lakini hii bado ni biskuti yenye siagi na sukari. Mtoto mbili na kikombe cha maziwa saa nne asubuhi zinamtosha.

Na usijilazimishe kuoka zote siku moja. Madonge yaliyokwisha kubonyezwa yagandishe kwenye sinia, kisha yatie kwenye mfuko na kuyarudisha kwenye friza; yanakaa miezi miwili. Mgeni akibisha hodi, yatoe sita, yaingize motoni yakiwa bado barafu, uongeze dakika mbili, na chai ikiwa tayari nayo yatakuwa tayari.